Baluni Halipunguzi Uzito: Kufunga Mfumo wa Hewa Kwenye Gari-Nyumba kwa Mikono Yako

Fiat Ducato ni gari la mizigo. Asubuhi linapakiwa maboksi, mchana linayashusha duka baada ya duka, jioni linarudi bohari likiwa tupu. Springi zake za nyuma zimepimwa kwa maisha hayo ya kujaa na kumwaga. Lakini watengenezaji wa Ulaya wameichukua Ducato hiyohiyo, pamoja na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper wanaotengenezwa pamoja nayo huko Atessa, Italia, wakaijengea nyumba mgongoni: jiko, choo, vitanda, tangi la maji, mitungi ya gesi, kabati kuanzia sakafuni hadi darini. Gari-nyumba halishushi mzigo wake. Liwe safarini au limeegeshwa uani msimu mzima wa baridi, springi zimebeba karibu kilo zote zilizoruhusiwa, usiku na mchana.

Matokeo yake wenye magari hayo wanayajua. Mkia unashuka, pua inainuka. Ule mpira unaozuia ekseli isigonge chesisi unabaki umegusana na chuma au umebakiza upenyo wa vidole viwili, kwa hiyo kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye vyombo kabatini. Lori kubwa likipita upande, upepo wake unalisukuma gari kisha unalivuta, na dereva anashika usukani kwa mikono miwili mpaka litulie. Hapo ndipo mtu anapoanza kuulizia mabaluni ya hewa: mifuko miwili ya mpira mzito inayokaa kati ya ekseli ya nyuma na chesisi, ikajazwa upepo ili isaidiane na springi za chuma. Seti yake huuzwa kwa paundi mia chache, na muuzaji huahidi kwamba mwenye gari anaweza kuifunga mwenyewe kwa siku moja.

Ahadi hiyo kwa sehemu kubwa ni kweli. Mtu mwenye spana nzuri, mahali penye sakafu ngumu pa kuegesha na subira ya kusoma maelezo yote kabla ya kulegeza nati ya kwanza anaweza kuifunga vizuri, tena pengine kwa uangalifu kuliko gereji yenye haraka. Ninachokipinga ni mpangilio wa mambo. Watu wengi hununua seti, huifunga, huliona gari limenyooka, na huamini kwamba tatizo limekwisha, wakati hawajawahi kujua tatizo lao lilikuwa nini. Kufunga ni sehemu nyepesi ya shughuli hii. Sehemu nzito ni mizani, na baada ya mizani ni breki.

Tuanze na hesabu ya baluni lenyewe, maana ni rahisi. Baluni lenye upana wa sentimita 15 lina eneo la kubebea la kama sentimita za mraba 177. Kila bar moja ya upepo inasukuma karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo bar 2 katika baluni hilo zinabeba karibu kilo 360. Mabaluni mawili, karibu kilo 720. Huo ni mzigo mkubwa kuondolewa kwenye springi za chuma, na ndiyo maana mkia huinuka mara tu unapoanza kujaza. Tena hewa ina sifa ambayo chuma haina: kadiri unavyoijaza kubeba zaidi, ndivyo inavyokuwa ngumu zaidi, kwa hiyo gari lililojaa halilegei kupita kiasi. Springi ya chuma ina ugumu uleule iwe imebeba kilo mia tano au elfu moja.

Lakini kilo hizo 720 hazijaondoka kwenye gari. Zimehama tu kutoka springi kwenda baluni, na baluni limekaa juu ya ekseli ileile, ekseli imekaa juu ya matairi yaleyale, na matairi yanasimamishwa na breki zilezile. Baluni halipunguzi uzito hata gramu moja. Ningependa kila seti iandikwe sentensi hiyo juu ya boksi.

Chukua mfano wa skuta. Wastaafu wengi wa Uingereza na Ujerumani hufunga kibebeo nyuma ya gari-nyumba ili wakifika kambini wawe na usafiri mdogo wa kwenda sokoni. Tuseme skuta na kibebeo chake vina kilo 120, vimening'inia mita 2.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 4. Kwa kanuni ya wenzo, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 120. Inaongezewa 186. Zile 66 za ziada zimenyang'anywa magurudumu ya mbele. Na Ducato inavutwa na magurudumu ya mbele. Kwa hiyo kwenye nyasi mbichi za kambini, au kwenye mlima wenye mvua, tairi la mbele linateleza, na kwenye kona usukani unakuwa mwepesi pale unapotakiwa kuwa mzito. Ukifunga mabaluni hapo, mkia utainuka, taa zitaacha kuwamulika madereva wanaokuja, na gari litapendeza kulitazama. Zile kilo 66 hazitarudi mbele.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kwenda mizanini, gari likiwa limepakiwa kama linavyosafiri: maji, gesi, chakula, baiskeli, watu na mbwa wao. Anayejua mizani ya Vigwaza au Mikese kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro anaelewa kwamba dereva wa lori hukamatwa kwa ekseli moja iliyozidi hata kama uzito wote uko ndani ya kipimo. Kwa gari-nyumba ni vivyo hivyo. Panda kwanza kwa magurudumu ya mbele tu, andika. Sogea gari lote liwe juu, andika. Sogea tena mpaka mbele kushuke na nyuma pekee ibaki, andika. Ekseli mbili zikijumlishwa zikaribie ule uzito wote. Zikipishana sana, uwanja wa mizani haukuwa sawa au gurudumu lilikanyaga ukingo, rudia. Kama mizani inaruhusu kupima upande mmoja mmoja, pima, kwa sababu friji, jiko na tangi mara nyingi vimejengwa upande mmoja.

Kisha soma kibati cha gari. Kwenye Ducato nyingi zilizosajiliwa kwa kilo 3,500, ekseli ya mbele imeruhusiwa 1,850 na ya nyuma 2,000. Jumla ya hizo mbili ni 3,850, na wengi hudanganyika hapo: namba hizo hazimaanishi unaweza kubeba 3,850. Zinamaanisha una nafasi kidogo ya kupanga mzigo mbele au nyuma, mradi jumla isipite 3,500. Mtu anaweza kuwa na gari la kilo 3,450, halali kabisa kwa jumla, na ekseli ya nyuma ikawa imezidi kwa kilo 90. Dawa ya gari hilo ni kuhamisha vitu. Lita 100 za maji safi ni kilo 100. Kusafiri na lita 20 na kujaza ukifika ni matengenezo yasiyogharimu hata senti, tena yanasaidia springi, matairi, breki na mafuta kwa mpigo.

Kuna washukiwa wengine wa kuwahoji kabla ya kununua. Magari-nyumba mengi hutumia matairi yenye alama ya CP, yaliyotengenezwa mahsusi kwa magari ya namna hii. Tairi la 225/75 R16 CP lenye kiwango cha mzigo 116 hubeba hadi kilo 1,250, na kwa ekseli ya nyuma hujazwa upepo wa bar 5.5. Kwa upepo huo gari lenye mzigo wa wastani hudunda kama limefungwa magurudumu ya mbao, na mwenye gari huzilaumu springi. Baada ya kupima uzito halisi wa kila ekseli, mtengenezaji wa tairi anaweza kukupa upepo unaolingana na mzigo wako, na mara nyingine nusu ya malalamiko huisha hapo. Shokapu nazo. Kazi ya springi, ya chuma au ya hewa, ni kubeba. Kazi ya kutuliza mdundo ni ya shokapu. Gari linalopanda na kushuka mara tatu baada ya tuta lina shokapu zilizochoka, na ukiliwekea mabaluni juu ya shokapu hizo utakuwa umeongeza springi kwenye gari ambalo tayari limeshindwa kuzituliza zilizopo.

Ikiwa baada ya yote hayo uzito uko halali, matairi na shokapu ni nzima, na bado mkia umelala kwenye mipira yake, basi mabaluni ni haki yako. Hiyo ndiyo hali hasa yaliyotengenezewa.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Basi la Scenicruiser lililojengwa na General Motors kwa ajili ya kampuni ya Greyhound mwaka 1954 lilitembelea hewa. Mwaka 1957 Cadillac iliuza Eldorado Brougham yenye springi za hewa magurudumu yote manne, na haikuchukua muda wamiliki wengi wakaziondoa na kurudisha springi za chuma kwa sababu ya kuvuja. Kwa maoni yangu tofauti kati ya basi na Cadillac ilikuwa gereji: kampuni ya mabasi ina watu wanaokagua mabomba na kumwaga maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo kila siku, na mwenye gari binafsi hana. Hadi leo mabasi ya mikoani yanafaidika na jambo lingine. Breki zao ni za upepo, kwa hiyo kompresa na tangi vipo tayari na mabaluni huchota humo. Ducato ina breki za mafuta. Haina upepo wowote. Ukitaka hewa, lazima uilete.

Unaweza kuileta kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuweka viungo viwili vya kujazia kama vile vya tairi, mahali panapofikika, ukajaza kwa pampu ya kawaida. Ya pili ni kufunga kompresa ndogo ya volti 12, geji mbili na swichi karibu na kiti cha dereva. Mimi ninapendelea ya kwanza kwa anayefunga mwenyewe. Mzigo wa gari-nyumba haubadilikibadiliki sana, kwa hiyo hakuna haja kubwa ya kurekebisha upepo ukiwa unaendesha, na kila geji na kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuvujia. Anayetaka kompresa aiwekee fyuzi karibu kabisa na betri, atumie rilei, na aichague sehemu isiyorushiwa maji na tope.

Kuhusu mfumo kamili wa hewa, ule unaoondoa springi za chuma zote na kuweka mabaluni, vipimo vya kimo na kompyuta ya kuyasimamia: hiyo ni kazi ya maelfu ya paundi na ya gereji iliyofunzwa. Sioni sababu ya kuijaribu uani. Na kama gari lako lina chesisi ya Al-Ko, hakikisha kabla ya kununua chochote, kwa sababu ekseli yake ya nyuma haina springi bapa. Ina fito za kujinyonga ndani ya bomba, na seti ya Ducato ya kawaida haitaingia. Baadhi ya ekseli hizo za Al-Ko zinahitaji kupigwa grisi kwa vipindi, na ekseli iliyokauka huwa ngumu kiasi kwamba mwenyewe hudhani anahitaji mabaluni.

Sasa tuingie chini ya gari, na tuingie salama. Gari la tani tatu na nusu halikai juu ya jeki mtu akiwa chini yake. Jeki ni ya kunyanyua tu. Kubeba ni kazi ya stendi, zikiwa juu ya sakafu ngumu, magurudumu ya mbele yamezuiwa pande zote mbili. Kwa springi bapa, chesisi ndiyo inayowekwa kwenye stendi ili ekseli ining'inie na nafasi ipatikane. Ule mpira mrefu wa kuzuia unafunguliwa kutoka kwenye chesisi, kishikio cha juu cha baluni kinatumia matundu yaleyale, na kishikio cha chini kinakaa juu ya ekseli kikibanwa kwa yubolti. Seti nzuri haihitaji kutoboa wala kuchomelea. Ukijikuta umeshika drili, simama. Chesisi iliyotobolewa pasipostahili inaanza kuchanika kutoka kwenye tundu hilo, na kuchomelea karibu na springi kunaharibu chuma chake.

Bolti za nyuma za gari lililotembea miaka kumi kwenye barabara za Uingereza, ambako chumvi humwagwa kila baridi, zimeoza. Zinyunyizie dawa ya kutu siku mbili kabla, zisugue kwa brashi ya waya, kisha ndipo ulete spana. Ukikuta mahali kishikio kitakapokaa kuna kutu inayomeguka kwa bisibisi, kazi ya mabaluni imeahirishwa na kazi ya kutu imeanza.

Baluni likishakaa, lijaze kiasi na uzungushe mkono wako kulizunguka. Pasiwe na kitu karibu nalo kuliko upana wa kidole kinene: si paipu ya breki, si kebo ya breki ya mkono, si waya wa ABS, si ncha ya bolti. Baluni hupanuka linapobanwa, na kile kilichopishana nalo gari likiwa limesimama kitasuguana nalo kwenye tuta la kwanza.

Kisha mabomba. Ni ya nailoni, mengi ya milimita 6, na viungo vyake ni vya kusukumia tu. Hapa ndipo mifumo mingi iliyofungwa nyumbani huanzia kuvuja, na sababu ni ndogo mno. Mtu anakata bomba kwa koleo. Koleo linaliponda kabla ya kulikata, mdomo unakuwa wa yai badala ya duara, na ukingo unabaki umeinama. Pete ya mpira ndani ya kiungo inalishika upande mmoja na kuacha mwanya wa unywele upande wa pili. Tumia kikatio cha mabomba au wembe mkali mpya, kata kwa pembe ya mraba, lisukume mpaka uhisi kituo cha pili, kisha livute kidogo kuhakikisha limekamata. Lipitishe mbali na bomba la moshi, lisitande kwenye ncha kali, na lisifungwe pamoja na paipu ya breki.

Kila baluni lipate bomba lake na kiungo chake cha kujazia. Kuna wanaoyaunganisha yote mawili kwa bomba moja ili wajaze mara moja. Kwenye kona, uzito ukielemea upande wa kulia, upepo wa baluni la kulia unakimbilia la kushoto, na gari linalala zaidi kuliko lilivyolala kabla hujalifunga chochote. Nyumba yenye kimo cha karibu mita tatu haistahili kufanyiwa hivyo.

Jaza, kisha paka povu la sabuni kila kiungo na usubiri. Kiputo kinachokua polepole kinatosha kushusha mkia ndani ya wiki. Iache usiku mzima, pima asubuhi. Na ujue kwamba baluni hubeba lita chache tu za hewa, kwa hiyo kila unapochomeka geji, ule mlio mfupi wa kutoroka hewa unashusha kipimo chenyewe. Mara nyingi mtu huamini pana uvujaji kumbe ni geji yake.

Na sasa breki, ambayo ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Magari mengi ya zamani ya aina hii yana valvu ya breki ya nyuma inayosoma mzigo. Kijiti chake kimeunganishwa na ekseli. Mkia ukishuka, valvu inaelewa kwamba gari limejaa, inaruhusu nguvu nyingi kwenda magurudumu ya nyuma. Mkia ukipanda, inaelewa kwamba gari ni tupu, inapunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza. Mabaluni yanainua mkia wakati mzigo uko palepale. Valvu inadanganywa. Gari lenye tani tatu na nusu linasimamishwa kama gari tupu, kazi karibu yote inaelekezwa mbele, na siku ya kwanza dereva atakapogundua ni siku atakayokanyaga kwa nguvu. Seti zilizotengenezwa kwa magari haya huja na kifaa au maelekezo ya kurekebisha kijiti hicho. Fuata, kisha mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia breki ahakikishe kila gurudumu. Hapa uhuru wa kufanya mwenyewe unakoma, kwa maoni yangu, hata kwa mtu hodari. Magari mapya hugawa nguvu ya breki kwa kompyuta ya ABS na hayana kijiti hicho, lakini kwanza lala chini ulitazame lako. Taa za mbele nazo zipangwe upya, maana pua imeshuka.

Kisheria, nchi hazifanani. Ujerumani, mabadiliko ya namna hii yanataka hati zinazotambulika na mara nyingi ukaguzi wa shirika kama TÜV, la sivyo gari linapoteza ruhusa ya kutembea. Uingereza iko huru zaidi, ila bima lazima ijulishwe, na mabaluni yenyewe huangaliwa kwenye ukaguzi wa MOT wa kila mwaka. Kupandisha uzito ulioruhusiwa juu ya kilo 3,500 ni shughuli nyingine kabisa, ya hati na ya mhandisi; na Uingereza aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia tarehe 1 Januari 1997 hawezi kuliendesha gari hilo kwa leseni yake ya kawaida bila kupata daraja la C1. Mabaluni peke yake hayabadilishi kibati.

Baada ya kilomita 1,000 hivi, rudi chini na uzikaze upya bolti na yubolti zote kwa kipimo cha maelezo, kwa sababu rangi na kutu kati ya vyuma hukandamizwa na nati hulegea. Usishushe upepo chini ya kiwango cha chini cha mtengenezaji, hata gari likiwa limeegeshwa. Baluni tupu hujikunja na kubanwa kati ya vyuma. Wala usijaze kupita haja kwa kupenda gari likae juu, kwani baluni lililojaa sana huwa gumu kupita kiasi. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, kabla na baada, na uandike. Upande mmoja ukiwa chini unaweza kuuinua kwa upepo kidogo zaidi, lakini tairi la upande huo halitapumzika. Linaweza hata kuongezewa mzigo kidogo.

Anayenunua gari-nyumba lililokwisha kufungwa mabaluni aombe kwanza karatasi ya mizani. Kama haipo, atoe upepo mpaka kiwango cha chini kinachoruhusiwa, arudi nyuma hatua kumi, na aangalie mkia umeshukia wapi.